Manukato ya Limau Kwenye Basi la Bursa

Kiwanda cha magari cha Forest, mjini Brussels, kilipofungwa, nilipata mkataba wa mwaka mmoja mjini Bursa, Uturuki, ambako magari bado yanaundwa kama kawaida. Mama nikamwacha peke yake kwenye nyumba yetu ya Saint-Gilles, ghorofa ya tatu, na moyo haukutulia hata siku moja. Tangu tumzike baba, mama alikuwa ameacha kuomba. Mwanamke ambaye kule Bukavu alikuwa akikemea hata mafua ya kuku, sasa hakanyagi kanisani. Nilipomuuliza kwa simu akanijibu, "Bon, Mungu iko na kazi mingi. Minamuacha apumuzike."

Mimi si mtu wa kanisa sana, lakini maneno hayo yalinitisha kuliko barua ya kuachishwa kazi. Nikamkatia tiketi aje abadilishe hewa.

Bursa nilikuwa nimeshaizoea na kujifanya mwenyeji. Nilijua soko la zamani la hariri na ua wake wa kunywea chai. Nilijua msikiti mkongwe wenye kuba ishirini, ingawa kila nikizihesabu napata kumi na tisa, na shingo inauma. Nilidhani nimejiandaa kumtembeza mama kila mahali. Jambo moja tu nilisahau kumwambia, nalo likatukuta kwenye basi, hata Bursa hatujafika.

Waturuki humkaribisha mgeni kwa kummiminia manukato ya limau viganjani. Unapaka mikono, ukipenda na uso, yamekwisha. Hata kwenye mabasi ya safari ndefu hufanya hivyo. Basi letu lilipotoka Istanbul, nilikokwenda kumpokea mama uwanja wa ndege, mhudumu mmoja mnene, wa makamo, mwenye masharubu na shati jeupe lililopigwa pasi, akaanza kupita na chupa yake. Mama akamtazama. Akaona watu wanakinga mikono, wanafumba macho, wanajipaka usoni. Mimi wakati huo nilikuwa chini ya kiti natafuta chaja ya simu.

Niliponyanyuka, mama alikuwa amesimama katikati ya njia, amevua kilemba, amekinga mikono yote miwili. Mhudumu akammiminia. Mama hakuondoka. Akainamisha kichwa na kuonyesha utosi kwa kidole. Maskini yule mhudumu alinitazama, akatazama chupa, lakini mgeni akiomba utamnyimaje? Akammiminia na utosini.

Mama akainua mikono, akaanza kuomba. Alianza kwa Kiswahili, akahamia Kifaransa, kisha akaingia kwenye lugha ambayo mimi na Waturuki tulikuwa sawa, hakuna aliyeielewa. Nikamvuta gauni. "Mama, kaa chini." Akanisukuma kwa kiwiko. Mhudumu naye alishindwa kuondoka, akabaki ameshika chupa kwa adabu. Halafu bibi mmoja wa kiti cha jirani akafungua viganja vyake, akasema, "Amin." Watu wa nyuma wakaitikia. Ikawa kila mama akivuta pumzi, basi zima linasema amin.

Alimwombea dereva, akauombea mkataba wangu, akaliombea tumbo la mhudumu. Tukiwa juu ya daraja refu la kuvukia bahari akamtaja baba kwa jina lake, na hapo machozi yakamtoka. Yangu pia yalitoka. Nikasingizia limau.

Wiki nzima tulizunguka, na mama akawa anaombea kila kitu. Kwenye gari la waya la kupandia mlimani aliiombea waya mpaka abiria wengine wakaanza kuitazama kwa mashaka. Nami sikuthubutu kumwambia ukweli. Siku moja dukani nilikuta zile chupa zimepangwa kando ya sabuni za choo, nikasimama mbele ya rafu na kutanua koti mpaka akapita.

Nilimrudisha Brussels mwenyewe. Jumamosi nikamkuta jikoni anapiga pasi kitenge. "Kesho minaenda kutoa ushuhuda," akasema. "Ya kupakwa mafuta mu bus."

Nikaketi. Brussels imejaa Waturuki, na nusu ya waumini wa kanisa lake wamewahi kwenda Uturuki na kupanda mabasi ya huko. Wangemcheka mbele ya kipaza sauti, na nilimjua mama, asingerudi tena kanisani wala kwa Mungu. Nikamweleza yote, mpaka habari ya koti. Sikuweza kumtazama, nikaikazia macho pasi.

Mama akaendelea kunyoosha upindo wa kitenge.

"Unazani miye sijue parfum?" akasema. "Ilipoingia mu macho, nilijua."

"Sasa mbona uliendelea?"

"Mikono ilikuwa yulu tayari. Ule maman alishaitika amin, bantu boote banangojea. Donc nirudishe mikono chini, niseme nini? Nilisikia haya, mutoto wangu. Nilianza juu ya haya tu." Akaizima pasi, akakikunja kitenge taratibu. "Tulipofika ku ile pont ya bahari, nikaona minaomba kweli."