Miguu Niliyoipunguza

Majina ya watu wote ninaowataja hapa ninayo, na ya baba zao, hata la mbwa aliyekuwa amelala mlangoni kwa fundi siku ile. Sitayaandika. Wapo hai, wanakutana njiani na kusalimiana. Na la kwangu liacheni.

Nilisoma mpaka darasa la tatu. Kazi yangu ni kufuma vikapu vya milulu, zile nyasi ngumu tunazokata mabondeni. Mama alinifundisha kuwa kikapu hakijaisha mpaka ncha zote zikatwe zilingane. Ukiacha ncha imechomoza, wanawake wenzako wataivuta kwa kucha, wacheke. Ndiyo maana mpaka leo nikiona ncha mbili hazilingani, mkono unatafuta mkasi wenyewe.

Nilikuwa naishi na mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba, lakini alipenda mambo ya umeme wa jua kama wengine wanavyopenda harusi. Pale Iguguno kulikuwa na fundi wa redio na taa aliyetaka mtu mmoja wa kumfundisha kazi. Alimuuzia pakiti ya vitaa vya LED, vidogo kama punje za mahindi, kila kimoja na miguu miwili ya waya. Akamwambia, "Kaunge ishirini kwenye ubao. Siku ya mnada uje nao. Vikiwaka vyote, kazi ni yako."

Nakumbuka alivyovimwaga kwenye ungo, uani, jua la saa nne.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "nakwenda kisimani. Nilindie hivi, kuku wasije wakadhani wamepata chakula."

"Nimekuwa mlinzi wako tangu lini?"

"Tangu Babu alipotuoa wote wawili!" Akaondoka na ndoo, anacheka.

Nikabaki navyo. Nikachukua kimoja, mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nikachukua cha pili, vilevile. Vyote. Nikasema moyoni, hawa watu wa viwandani hawakufundwa na mama zao. Mkasi wangu wa milulu ulikuwa pajani. Nikavipunguza kimoja kimoja mpaka vikasimama sawa kama askari, nikafagia vipande pamoja na mabaki ya milulu, nikavitupa jikoni kwenye mafiga. Nilijiona nimemsaidia.

Aliporudi hata ndoo hakuitua vizuri, maji yakamwagika.

"Bibi! Nani amekata miguu?"

"Kwani ina nini?"

"Mrefu ndio chanya, mfupi ndio hasi! Ukikigeuza hakiwaki. Sasa nitajuaje upi ni upi? Nani amekata?"

Hapo ndipo ningesema. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini katika nyumba ile mimi ndiye niliyewachapa watoto wote kwa kugusa kazi ya mtu. Hata yeye nilimchapa, alipokuwa mdogo, kwa kufumua kikapu changu. Nikaona aibu mbele ya mtoto niliyemlea. Nikasema, "Ulivyovimwaga ndivyo vilivyo. Labda vilikuja hivyo."

Aliniamini. Hakuniuliza mara ya pili. Akavirudisha kwenye pakiti, akajifunga kanga, akatoka. Nilimwona mpaka anapotelea kwenye alizeti, na sikumwita.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe jioni, kamasi zinamtoka. Alimkuta fundi na wateja. Akamwambia mbele yao kuwa ni mwizi, amemuuzia vitaa vilivyong'olewa kwenye tochi mbovu ili ashindwe jaribio. Fundi hakupandisha sauti. Alichukua kitaa kimoja, akakiweka kwenye kiganja cha binti.

"Pitisha kidole ukingoni. Unasikia palipobapa? Huo upande ni hasi. Tazama na ndani, kuna vipande viwili. Kikubwa hasi, kidogo chanya. Miguu hata ikikatwa, kitaa chenyewe kinasema. Na ukiwa bado na wasiwasi, kiguse kwenye kile kibetri bapa cha saa, kikiwaka umejua." Kisha akasema, "Nilikuwa nikufundishe hayo. Sasa nenda, binti. Mimi sifanyi kazi na mtu anayeniita mwizi."

Kumbe kukata kwangu hakukuharibu kitu. Hata kimoja.

Asubuhi alichota majivu ya kusugulia sufuria. Akaja nilipokuwa nimekaa, akafungua kiganja. Vipande vya waya, vimekuwa vyeusi, lakini moto ulikuwa haujavila.

"Bibi, hivi vimefikaje kwenye mafiga?"

Nikamwambia. Nilichelewa siku nzima, na nilisema kwa sababu nimeshikwa.

Nikavaa kanga yangu nzuri, nikaenda Iguguno. Fundi akaniamkia vizuri, "Shikamoo, Bibi," akanipa kigoda. Nikamweleza kuwa uongo ni wangu, mtoto hana kosa.

"Bibi, ungekuja jana mchana, ningemfuata mwenyewe. Jana jioni nimeshampokea binti wa jirani. Siwezi kumfukuza, hajanikosea."

Nilirudi kwa miguu, nikipanga maneno. Nilimkuta uani, ubao magotini. Alikuwa ameviunga vitaa vyote ishirini, vilevile nilivyovikata, akivipapasa kimoja kimoja kwa kidole. Akaugusisha waya kwenye betri. Vikawaka vyote, juani, unaona kwa shida.

"Nafasi imejaa," nikamwambia. "Nilimweleza kuwa ni mimi."

"Haya, Bibi."

"Ni mimi niliyekuponza."

"Mimi ndiye niliyemtukana mtu mbele za watu. Ningeuliza kwanza." Akautoa waya, akauegemeza ubao ukutani, akaenda kupika.

Mwezi uliofuata alikwenda Singida mjini kumsaidia shangazi yake kuuza vitenge, na huko yupo mpaka leo. Sijasikia tena akizungumza mambo ya umeme. Nilitaka siku ile anigombeze, anitupie ubao ule hata miguuni. Alibeba kosa langu likawa lake, na mimi, mtu mzima, nikamwachia alibebe.