Alama za Mikononi Si za Kipigo, Ila Naogopa Kumwambia Kaka Ukweli

Habari zenu. Admin, nakusihi jina langu lisionekane popote, maana wanaonifahamu wako wengi humu. Nina miaka 33, ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Chang'ombe hapa Dodoma na mume wangu, ambaye ni mtumishi wa serikali Chamwino. Naandika nikiwa kijijini Gulwe, kwa kaka yangu.

Tulipoteza mtoto wetu wa kwanza siku aliyozaliwa. Toka hapo nikawa napatwa na hofu ya ghafla. Moyo unaenda mbio, pumzi inakata, naona kabisa nakufa. Siku moja ilinikuta jikoni, mume wangu akanishika vifundo vyote viwili vya mikono kwa nguvu, akanibana kifuani. Nikatulia. Baadaye nikamwomba anifunge mikono kwa khanga. Alikataa kwanza, nikambembeleza. Sitawaficha, jambo hilo likaingia mpaka kwenye tendo la ndoa, na mimi ndiye ninayelitaka. Nikifungwa na mtu ninayemwamini nalia, halafu mwili wote unalegea. Tuna neno letu, nikilitamka tu ananifungua hapo hapo. Hajawahi kulipuuza.

Nilijiona nina pepo, au nimeharibika akili. Sikumwambia mtu. Sasa siku naenda kupima malaria, nesi akapandisha mkono wa gauni langu atoe damu, akaziona alama za khanga. "Dada, nani kakufanya hivi?" Akanipeleka kwa mshauri nasaha wa pale pale, mama mmoja wa makamo.

Nilijua atanihubiria. Hakunihubiria. Aliniuliza, "Nani anaomba, wewe au yeye? Ukisema basi, anaacha? Kuna siku umemwogopa?" Nikamjibu yote huku naangalia sakafu. Akasema, "Mama, wewe si mgonjwa na wala hujalaaniwa. Hilo ni lenu nyie wawili na mmekubaliana. Kinachokuumiza ni msiba ambao hamjauongelea."

Jamani, nililia mpaka akanifungia mlango nimalize. Nikarudi tena, safari nyingine na mume wangu. Akatufundisha kutumia kitambaa kipana, kisikaze, na asiniache peke yangu hata dakika. Na kwa mara ya kwanza mume wangu akalitaja jina la mtoto wetu. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Tukaanza kupona, hofu ikaja kwa nadra.

Mwezi huu mdogo wangu wa kike akaja kututembelea. Siku hizo nilikuwa nimejivuta mwenyewe nikiwa nimefungwa, ngozi ya kifundo cha mkono ikachubuka. Akauona mchubuko nikiwa naosha vyombo. Nikamwambia nimejigonga. Kumbe kampigia kaka.

Kaka ndiye aliyetulea baba alipofariki, na ni mzee wa kanisa. Alifika asubuhi, hata chai hakunywa. Mume wangu akamwamkia, "Shikamoo kaka," hakuitikia.

"Shemeji, nilikukabidhi mdogo wangu mzima. Mikono hii ni nini?"

Mume wangu akaniangalia, nikatikisa kichwa asiseme. Akainama. Nikasema mimi, "Kaka, hajawahi kunipiga hata kofi."

Kaka akanigeukia, macho yamejaa machozi. "Binti wa jirani yangu alisema maneno hayo hayo mpaka siku tunamzika. Fungasha nguo zako."

Ndiyo nikaja Gulwe. Siwezi hata kumchukia, ananipenda. Kikao cha familia ni Jumapili baada ya ibada, mume wangu kaitwa. Kaka amesema akikosa maelezo, Jumatatu anampeleka dawati la jinsia polisi, na barua itafika mpaka kazini kwake.

Nilimpigia mshauri. Akasema, "Siri yako haitatoka kwangu, na huna deni la kuwaeleza ya chumbani. Ila ukitaka nije nikae pembeni yako, nitakuja." Nikamwambia nitafikiria. Lakini aje aseme nini mbele ya wajomba na mashangazi?

Leo mchana mume wangu kapiga simu. Sauti yake imetulia, na hicho ndicho kilichonitisha. "Mke wangu, nimeamua. Nitawaambia nilikupiga, niombe radhi, nilipe faini yao, yaishe."

"Wakikupeleka polisi je?"

"Bora mimi niitwe mpigaji kuliko wewe uitwe hayo watakayokuita. Mimi nitavumilia."

Nikamsihi asifanye hivyo, akakata. Nikimpigia hapokei.

Nikikaa kimya, mtu asiyewahi kuniinulia mkono ataondoka na jina la mnyanyasaji, labda na pingu. Nikisema ukweli, kaka atanitazama vipi tena? Watasema nina mashetani, wataniombea mbele ya kanisa zima, na habari itafika shuleni ninakofundisha. Na pengine hawataniamini, watasema mume kanifundisha cha kusema.

Dada zangu, kaka zangu, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Jumapili ni keshokutwa. Mngekuwa ni nyie mmekaa kwenye kile kikao, na mume wenu anafungua mdomo kukiri kosa ambalo hakulifanya, mngesema nini?