Sema Kwanza Kama Iko Muzima

Enzi zetu, katika lupango yetu ya Kampemba, nyumba kadhaa ndani ya ua mmoja, mtoto hakutoka na ujumbe wa mtu mdomoni kabla hajaurudisha. Mama anakuambia maneno, halafu anasimama mbele yako, mikono kiunoni: "Rudisha." Unarudisha neno kwa neno. Ukikosa neno, sikio linavutwa, unaanza upya. Wenzangu mliokulia pale mnakumbuka masikio yetu yalivyokuwa yanawaka moto! Hata kwenda kuomba chumvi nyumba ya pili tu, "Rudisha."

Ilibidi iwe vile. Lupango ilikuwa moja, bomba la maji moja, lakini watu walitoka kila upande. Sisi ni Baluba wa kaskazini, babu aliletwa na kazi ya reli. Karibu na bomba alikaa Papa Mulumba wa Kasai, fundi wa kushona. Nyumba ya nyuma ilikuwa ya Mama Kahindo, mfanyabiashara kutoka Kivu Kaskazini, ambaye mume wake aliendesha kamyo ya maharagwe. Asubuhi za kiangazi, maana kwetu kiangazi ndicho chenye baridi, sote tuliota moto wa mbabula moja, moshi wa makaa machoni, na kwa pua tu ulijua nani anakaanga bitoyo, samaki wa chumvi, na nani amebandika maharagwe. Watoto tulicheza kwa Kiswahili cha mji. Wakubwa walikasirika kila mmoja kwa lugha yake.

Siku moja maji yalirudi bombani, Mama akanituma nimjulishe Mama Kahindo. Mimi nilikuwa mtoto wa adabu, jamani. Kwetu habari haitupwi mlangoni: unasalimia, unauliza habari za watoto, unauliza za mume, unakaa, ndipo unasema. Nikafanya yote, mikono nimeikunja, sauti ya chini. Kufika kwenye "Na baba wa nyumba, je?" Mama Kahindo alikuwa ameshashika kichwa. "Nani alikufa? Sema! Nani alikufa?" Akatoka nje anapiga yowe, lupango nzima ikakimbia, na mimi nimesimama pale na habari yangu ya maji.

Watu walicheka mpaka jioni. Mama hakucheka. Alivaa kitenge chake kizuri akazunguka mlango kwa mlango, mimi nyuma yake, anauliza swali moja tu: "Kwenu, habari mubaya inaletwaka namna gani?" Nilishtuka kweli. Nani anauliza kitu kama hicho mchana, watu wakiwa wazima? Papa Mulumba alisema yeye aitwe kando, asiambiwe mbele ya watoto. Mama Kahindo alisema, "Mimi muniambie kwanza kama mutu iko muzima. Mukianza na salamu ndefu, mimi nawaza kifo; ingine yote itangoja." Tangu siku ile tulijua mlango huu unaanziwa hivi, mlango ule vile, na ole wako uchanganye.

Na habari ikaja. Kamyo ya mume wa Mama Kahindo ilipinduka karibu na kuingia mjini. Simu ilikuwa dukani tu; mwenye duka aliogopa kumwambia mwenyewe, akamwita Mama. Mama akakimbia kutafuta gari la kwenda hospitali, lakini kwanza alinishika mabega, akanipa maneno. "Rudisha." Nilikimbia, salamu nikaiacha njiani. "Mama, bwana yako iko muzima. Kamyo ilipinduka, mukono yake tu njo ilivunjika. Iko ku hospitali."

Mama Kahindo akakaa chini. Hakulia. "Rudisha," akaniambia. Nikarudisha. Akavuta pumzi, akafunga kitenge, akatoka.

Sasa sikilizeni ya juzi. Mwanangu Trésor, kijana mwenye simu kubwa kuliko uso wake, alienda formation katika hoteli ya mjini, kufundishwa namna ya kusikilizana na kuongea na watu wa makabila yote. Wakampa brevet, cheti cha kumaliza, akaitundika sebuleni juu ya picha ya ndoa yetu. Kumbe kitu tulichofundishwa kwa kuvutwa sikio, leo kinafundishwa kwa soda na biskuti!

Wiki haijaisha, simu ikalia. Ni Trésor, kwenye grupu ya familia: "Papa accident. Route ya Kinsevere." Na nyuso mbili zinazolia. Basi! Mume wangu anaendesha basi la wafanyakazi kwenye barabara hiyo ya mgodi. Nampigia Trésor, imezimwa. Nampigia mume, hapatikani. Mawee! Nikaanguka sakafuni. Majirani wakaingia, wanawake wakaketi chini, viti vikatolewa uani, mtu akaanza kuhamisha meza ya sebuleni kama tayari ni matanga. Mama Kahindo yule yule, bado jirani yetu, sasa mzee sana, alikuja na fimbo yake akainama karibu yangu.

"Walikuambia kama iko muzima?"

"Hawakusema, Mama."

Akakaa, akanishika mkono, hakuuachia.

Jua lilikuwa bado halijazama lango likafunguka, mume wangu akaingia, mkwaruzo mdogo kwenye paji la uso. Akaona viti. Akaona wanawake chini. "Nani alikufa?" Akaanza kutafuta watoto kwa macho, mmoja mmoja. Mungu wangu, nilivyomrukia! Basi liligongwa nyuma tu, na simu yake ndiyo iliyovunjika.

Trésor akafika, anatushangaa sisi. "Lakini Mama, mwenzake wa kazi aliponipigia, nilituma mesaji palepale! Nilikuwa naandika ya pili, ya kuwatuliza, batri ikazima."

Batri! Mama Kahindo akainua fimbo akaonyesha lango. "Toka. Ingia tena. Sema muzuri."

Mtu wa brevet, na ndevu zake, akatoka mbele ya majirani wote. Akaingia. "Mama, kulikuwa accident..."

"Hapana. Toka."

Nikamtazama mgongo akitoka. Zamani habari ilitembea kwa miguu ya mtoto, ikachelewa, lakini ilifika imekamilika. Leo inafika kabla mwenye kuituma hajaifikiria, na anayeipokea anaweza kufa nayo mkononi. Inanitisha, sisemi uongo.

Alipoingia tena hakuwa anatabasamu. Alinitazama usoni. "Mama, Papa iko muzima."

Baba yake alikuwa mbele yangu, sahani ya bukari, ugali wetu, magotini, anatafuna. Nilikuwa namwona kwa macho yangu mwenyewe.

"Rudisha," nikamwambia, na machozi yakaja.