Funga Yangu ya Mwezi Mzima

Hapa Kibiti, mwanamke wa umri wangu akifunga Ramadhani yote bila kuacha hata siku moja, watu hawasemi ana imani. Wanasema ana mimba. Hesabu yao ni nyepesi: kila mwanamke ana siku zake, na siku hizo hafungi, basi asiyezipata kabeba. Mimi nimefunga mwezi mzima miaka kadhaa mfululizo, na kila mwaka mama mkwe wangu ameninunulia kanga za kubebea mtoto kabla mwezi wa Idi haujaandama. Zimejaa sandukuni.

Ukweli ni kwamba siku zangu zilikuwa zimepotea. Daktari aliyenipima aliniambia ovari zangu zina vijifuko vingi na homoni zimevurugika, ndiyo maana mayai hayakomai, unene haushuki na kidevu kinaota ndevu. Akanishauri nipunguze wali, sukari na vya kukaanga, na nitembee kila siku. Nikipungua hata kidogo, alisema, huenda siku zikarudi zenyewe, na zikirudi, mtoto naye anaweza kupatikana. Nilitoka pale nimefurahi, maana sikuona ugumu wowote.

Nikaanza kutembea asubuhi kando ya lami iendayo Ndundu. Jamani! Huku kwetu mtu hutembea akiwa na jembe, ndoo au msiba. Vijana wa bodaboda walisimama mmoja baada ya mwingine: "Dada, kafariki nani? Panda nikufikishe, sitaki hela." Nikisema nafanya mazoezi, wananitazama kwa huruma. Mzee mmoja alimfuata mume wangu kumshauri aninunulie baiskeli. Nikajitetea kwa majirani kwamba mwenda bure si mkaa bure, wakaniuliza mpaka sasa nimeokota nini.

Ramadhani hii ikanikuta magauni yameanza kunipwaya. Mama mkwe akatangaza kuwa mimba changa humkondesha mama. Kila magharibi akaja na futari yake: mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, kaimati zinazochuruzika shira.

"Kula, mwanangu. Sasa mko wawili."

"Mama, sina mimba. Na daktari kanikataza vyakula hivi."

"Huyo daktari wako kazaa wangapi?"

Akakaa mbele yangu mpaka nimeze. Nilimeza kaimati kwa hasira, machozi yakinilengalenga. Akiondoka tu, nilimsukumia mume wangu sahani. Yeye alisema chakula cha mama hakikataliwi, akala vyote, na mwezi ulipofika katikati, kama nyumba ile ilikuwa na mjamzito, basi alikuwa ni yeye.

Katika kumi la mwisho, mchana mmoja, niliingia bafuni nikaona damu. Sikumeza dawa ya kuileta, sikuitazamia. Nilitoka nikakaa chini uani, nikalia kwa furaha kama mwendawazimu. Kisha nikachota maji mtungini nikanywa, mchana kweupe, na ndipo mama mkwe akaingia akanikuta na kikombe mdomoni.

Akashika kiuno. "Imetoka?"

"Haikuwepo, mama. Hizi ni siku zangu. Zimerudi zenyewe! Ndiyo dalili njema niliyokuwa naisubiri."

Hakusikia hata neno moja. Alipiga magoti, akakivuta kichwa changu kifuani kwake, akalia kwa sauti. "Pole, mwanangu. Mungu atatoa nyingine." Nilijaribu kueleza, nikashindwa, maana nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na yeye kila nikicheka alizidi kunibana akidhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimepata jambo jema kuliko yote ya miaka ile, na mtu wa kwanza kulijua alikuwa ananipa mkono wa pole.

Hatimaye akafuta machozi, akajifunga kibwebwe, akaelekea jikoni kunipikia wali wa nazi, sufuria nzima, wa kurudisha damu.