Matanga Yangu Nikiwa Hai

Harufu ya unga unaoungua kidogo kwenye ukingo wa mkate, ikichanganyika na uchachu wa maziwa, hunitoa popote nilipo na kunirudisha jikoni kwa Sista Nora, ghorofa ya pili, Al Garhoud, Dubai. Mkate wake haukuwa na hamira. Aliuumua kwa magadi na laban, yale maziwa machachu ya dukani, akauchora msalaba mgongoni kwa kisu, kisha akausukumia ndani ya oveni. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa nikingoja kipande cha kwanza, ambacho kwa haki zote kilikuwa changu.

Sista Nora alikuwa muuguzi kutoka Ireland, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na ushee, mwenye Kiingereza cha kuimbaimba. Alifanya kazi kliniki moja ya Oud Metha, zamu ya asubuhi. Baba yangu aliendesha gari la hoteli, Mama alikuwa chumba cha kufulia cha hoteli hiyo hiyo, kwa hiyo nikitoka shule nilishinda kwa jirani huyo. Nilimpenda, na mkate wake pia.

Nilikuwa na miaka kumi Baba aliponiambia kwamba Januari ningerudi Moshi kusoma bweni, na likizo nikae kwa Bibi. Ada za Dubai zilikuwa zimewashinda. Yeye angenipeleka katika likizo yake ya mwaka. Mama asingepata ruhusa. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Baba akajifanya anatafuta funguo. Mama hakulia. Alishusha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo zangu kwa mistari iliyonyooka, namna alivyokunja shuka za hotelini, akaniuliza kama soksi nyeupe bado zinanitosha.

Nawaambia ukweli, safari ningeiweza. Kilichonishinda ni yale macho makavu. Nilitaka kumwona Mama akilia, hata mara moja tu, nijue kwamba nitamwachia pengo.

Kesi hiyo nikaipeleka kwa Sista Nora. Alinisikiliza mikono ikiwa ndani ya unga, kisha akamega vidonge viwili vya unga, akaviweka mezani. Kimoja kilikuwa Ireland, kingine Boston, Marekani, na katikati akachora mawimbi kwa kidole. Kwa siku nyingi baadaye niliamini kwamba Marekani iko karibu sana.

Zamani, alisema, viazi vilioza ardhini nchi nzima, watu wakafa kwa njaa, na waliobaki na nguvu wakapanda meli. Njaa ilikwisha lakini safari hazikwisha. Kila kijana alipokuwa anaondoka, majirani walikusanyika kwao kama msibani. Walikula, wakacheza, na akina mama wakamlilia kama maiti, kwa kuwa walijua hawatamwona tena. Shangazi wa bibi yake, Brijit, alifanyiwa hivyo akiwa na miaka kumi na sita. Asubuhi ukoo mzima ukamsindikiza kwa miguu mpaka kwenye kijidaraja cha mawe, na waliobaki hawakukivuka. Mama yake ndiye aliyegeuka kwanza, kabla binti hajainua mguu, akaenda zake bila kuangalia nyuma.

"Kwa nini hakungoja?" niliuliza, nikiwa nimekasirika kwa niaba ya Brijit.

"Hata mimi sijui, mwanangu. Ndivyo nyumbani walivyotusimulia."

Tulipogeuka, Mama alikuwa amesimama mlangoni na sare yake ya kazi, amekuja kunichukua. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Alisema tu, "Asante, sista. Ndeshi, vaa viatu twende."

Siku zilizofuata nilidai habari za Brijit kabla hata ya mkate. Huko Boston alipika katika nyumba ya matajiri na kulala chumba kilicho chini ya bati, na mabibi wa mtaa ule hawakujisumbua kujifunza majina. Kila msichana wa Ireland walimwita kwa jina moja. Palikuwa na milango iliyobandikwa maandishi kwamba Mwairishi asiombe kazi. Brijit akakaza. Akamvuta mdogo wake, huyo akamvuta anayemfuata, mpaka ndugu wote watano wakavuka. Kaka zake walichimba misingi na kutandika reli, wakajenga kanisa kwa mikono yao, na watoto wao wakawa walimu na polisi katika mji ule ule uliowafungia milango. Mtaani kwao, alisema Sista Nora, ungeweza kuita dirishani kwa lafudhi ya kijijini na ukaitikiwa. Nilijivunia Brijit kana kwamba ni shangazi yangu. Halafu nikawaza: na sisi, baba mdogo alimvuta Baba, Baba akamvuta Mama. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa narudishwa kinyumenyume.

Nikadai matanga yangu. Mama alikataa papo hapo.

"Kwetu hatumlilii mtu anayekula vizuri namna hii."

Lakini Sista Nora alikuwa amekwisha kualika watu. Ijumaa mchana tukajaa kwake: sisi watatu, yeye, na Brayo, kijana wa Kakamega aliyekuwa mlinzi wa jengo letu, akiwa na soda ameikumbatia kifuani. Sista Nora akafumba macho, akaimba wimbo kwa lugha ya kwao. Hatukuelewa hata neno moja.

"Sista, hii wimbo imeniingia vibaya," Brayo akasema akijifuta uso kwa kofia. "Nimemiss mathe, walahi."

Akalia. Baba akalia. Sista Nora akalia akiendelea kuimba. Mama aliosha vyombo, hata vilivyokuwa safi.

Siku ya safari, kwa kuwa uwanja wa ndege ulikuwa ng'ambo tu ya barabara kubwa, Sista Nora aliomba tusindikizane kwa miguu. Baba akabeba begi lake, Brayo akanyakua sanduku langu.

"Yalla, suitcase niachie. Wee mtoi beba mwili tu."

Hewa ya Januari ilikuwa ya baridi kidogo, na ndege zilipita chini sana juu ya paa. Mama alikuwa amepewa ruhusa ya saa moja. Alinishika mkono kwa vidole vilivyokauka kwa sabuni. Tulipofika penye ngazi za daraja la waenda kwa miguu, alichuchumaa, akafunga kifungo cha sweta langu kilichokuwa kimefungwa tayari.

"Sali. Kula. Usimbishie Bibi."

Kisha akageuka. Sikuwa nimekanyaga hata ngazi ya kwanza. Niliuona mgongo wake ukipita kando ya foleni ya teksi, si haraka, si polepole. Nikamwita kwa sauti yangu yote. Hakugeuka.

Ndani ya ndege nilimkasirikia Mama kutoka mwanzo wa Arabuni hadi mwisho wake. Nilimkataa kuku, baadaye nikamla. Hasira haikuisha na safari. Bwenini nilisimulia kisa kile mpaka wenzangu wakakijua kwa moyo, na kila nilipogombana na Mama kwenye simu, nilianzia pale darajani.

Mwaka juzi Mama alirudi Moshi moja kwa moja. Jioni moja tulikuwa tunachambua mchele, nikamuuliza, kama mzaha, kwa nini siku ile hakungoja hata nipande ngazi.

Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo.

"Ulikuwa na miaka kumi," alisema. "Ilikuwa lazima mmoja wetu amwache mwenzake. Nisingekubali uwe wewe."

Kumbe alikuwa amemwelewa yule mama wa Ireland siku ile ile, akiwa amesimama mlangoni, jambo ambalo Sista Nora mwenyewe hakulijua. Na mimi miaka yote ile nilikuwa nikisema kwamba Mama aliniacha darajani, nikimwambia yeye mwenyewe, masikioni mwake, na hakunisahihisha hata mara moja.