Simu ya Kuzungusha Isiyozunguka

Mama yangu alikuwa hashiki simu. Tangu tumzike baba kule shambani Gatuanyaga, nami nikamleta mama tukae naye Ruiru, simu yake ya mkononi ikilia aliichukua kwa vidole viwili na kumpa yeyote aliye karibu. Kama hakuna mtu, ililia mpaka ikachoka. Mimi nafanya kazi Thika, natoka asubuhi narudi jioni, na mchana kutwa nilikuwa sijui kama amekula, ameanguka, au amelala tu. Nilimgombeza, nikambembeleza. Akaniambia hizi simu za kioo hazimtaki, ukizigusa na shavu zinakata.

Nikamwamini, kwa sababu mimi ni mwepesi wa kuamini jambo lolote linalonipa sababu ya kununua kitu.

Niliiona Thika, kwenye dirisha la duka la mapambo ya nyumba, katikati ya saa za ukutani na maua ya plastiki. Simu nyeusi, nzito, mkono wake umelala juu, kisahani cha namba mbele na waya wa kujikunja ubavuni. Nilisimama pale watu wakinipiga vikumbo. Nilijua si ile ya kwetu ya utotoni, lakini moyo ulikataa kusikia. Muuzaji, mama wa makamo mwenye maneno mengi, akanieleza kwamba ni mpya kabisa, imetengenezwa tu ifanane na zile za zamani, na kwamba haina haja ya nyaya za nje, unaitia laini kama simu nyingine yoyote. Wengi huinunua ya urembo, alisema. Nikamwambia mimi nataka ya kuongea.

Baba alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha vitambaa hapo Thika, na tulikaa kwenye nyumba za kiwanda. Walimwekea simu ili mashine zikigoma wamwite, hata kama yuko mezani na tonge mdomoni. Katika safu yetu nzima hakuna jirani mwingine aliyekuwa nayo. Baba alifunga kisahani kwa kufuli ndogo, ufunguo akauchanganya na funguo zake za kazi, kwa hivyo sisi watoto tulikuwa na simu ya kupigiwa tu. Wala hakuna aliyetupigia. Kila ikilia ilikuwa yake.

Lakini baba hata akitoka kazini alikuwa hakai nyumbani, kwa hivyo aliyeishika ni mama, na mama hakuishika hivi hivi. Alivua aproni kwanza. Akanyoosha kitambaa cha kichwa, akavaa viatu, akasimama wima, ndipo akainua. Kuongea na mtu ukiwa na unga kifuani, hata kama hakuoni, kwake ilikuwa ni kumvunjia heshima. Sisi tulijificha nyuma ya mlango tukimcheka, na huko kiwandani watu wanangoja, mashine zimesimama. Kisha alisema maneno yale yale, siku zote:

"Haro, kwa fundi. Fundi ametoka, atarudi. Nimwambie nini?"

Baba alipostaafu tulirudisha nyumba na simu yao, wazee wakahamia shamba. Nilikuja kuikumbuka sauti ile nikiwa mtu mzima, katika nyumba zangu za kupanga, na niliikumbuka kwa uchungu. Nilitamani kupiga simu mahali fulani halafu mtu aseme "kwa fundi", nijue kwetu bado kuko. Kwa hivyo nilipokuwa narudi Ruiru na lile boksi mapajani, sikujidanganya. Nusu ya simu ile nilikuwa najinunulia mwenyewe.

Mama aliitazama mbele na nyuma. Akatia kidole kwenye tundu la namba, akazungusha. Haikwenda. Akajaribu tena kwa nguvu, akasema imekwama. Nikamweleza kwamba haizunguki, vile ni vibonyezo vimepangwa duara tu, unabonyeza. Akaiangalia simu, kisha akaniangalia mimi kwa huruma.

"Wamekuuzia sanamu," akasema, kisha akauliza kufuli iko wapi.

Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka kidogo. Asubuhi nikaikuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, kile kile kilichofunika simu yetu ya Thika, kimegeuka manjano pembeni. Alikuwa amekuja nacho kutoka shamba bila kuniambia.

Basi nikaona kazi imekwisha. Siku hiyo nikapiga kutoka kazini. Ikalia, ikalia, ikakata. Nikapiga tena baada ya chakula cha mchana, vile vile. Jioni niliingia nyumbani nimefura. Nikamuuliza, simu umeipenda, umeivalisha na nguo, sasa kuishika kuna shida gani?

Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Ikilia vile, najua ni ya baba yako," akasema. "Ni wale wa kiwanda wanamtaka. Sasa mimi nitawaambia nini?"

Hasira zote ziliniisha. Ndipo nikagundua kwamba tangu mazishi sijawahi kumsikia akisema baba amekufa. Husema "tangu baba yenu atoke", nasi tulikuwa tumezoea hivyo. Na mimi na tamaa zangu nilikuwa nimeenda kumnunulia ule mlio wenyewe, nikamwekea sebuleni, nikamwacha nao peke yake mchana kutwa. Nilimwambia nitairudisha dukani. Akasema wacha ikae.

Jumamosi nilikuwa nje naanika nguo, mlango wa sebule uko wazi. Nikatoa simu yangu mfukoni. Sijui kama nilitaka kumsaidia au ni ukaidi tu, lakini nilipiga. Ikaanza kulia ndani. Mama akatokea jikoni, akasimama akifuta mikono kwenye aproni. Iliendelea kulia. Nilikuwa karibu kukata, nimwondolee mateso, nilipoona mikono yake imekwenda nyuma, inafungua kamba ya aproni.

Akaitundika kwenye kiti. Akanyoosha kitambaa cha kichwa. Akatafuta viatu kwa mguu chini ya meza, akavaa kimoja, akavaa cha pili. Mimi huko nje naomba Mungu mtandao usikate. Akaiondoa ile nguo ya simu, akaishika mkononi, akasimama wima, akainua.

"Haro," akasema. "Kwa fundi."

Niliisikia sauti ile mlangoni na sikioni kwa pamoja, nikaitupia begani shuka niliyokuwa naanika. Alingoja kwa adabu, kama alivyokuwa akingoja zamani. Kisha nikaona vidole vyake vimekaza kile kitambaa cha simu.

"Fundi hayuko," akasema. "Hatarudi. Lakini mimi niko."

Nikiwa na shuka mbichi begani, nikamwambia ni yeye nilikuwa namtafuta.