Baba na Mafuta ya Manowari

Jumanne tulimzika baba yangu, Detlef Harbeck. Mchungaji alimwita fundi wa meli. Baba angekataa, alijiita mpakaji mafuta, na kazi hiyo aliifanya hapa bandarini Kiel miaka ishirini na sita. Meli ikikamilika juu ya chelezo, jukwaa la mteremko inapoundiwa, yeye na wenzake hupaka shahamu mbao za mtelemko ili iteleze mpaka majini. Miaka ile serikali ya Kaisari ilitaka manowari juu ya manowari. Kila aliyoishusha, baba aliiombea irudi na vijana wake wote.

Februari moja baridi ilikuwa kali mno. Baba alimwambia msimamizi, Bwana Bröker, kwamba shahamu tupu itaganda. Afadhali ichanganywe na sabuni laini na mafuta ya samaki.

"Harbeck, unapaka chelezo au unapika supu?" Bröker akasema. "Haya, changanya. Lakini meli ikikwama mbele ya wakubwa wa Berlin, Jumatatu usije."

Watoto tulikuwa watano, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Baba aling'oa mlango wa banda la kuku, akauinamisha kwenye ngazi za uani, akaupaka mchanganyiko wake ili aujaribu, akauacha upigwe na baridi. Asubuhi akamwita mama.

"Wiebke, hebu kaa hapa juu."

"Kwa nini mimi?"

"Mzito wetu ni wewe."

"Mwanamume huyu hana haya," mama akasema, lakini akakaa. Hakusogea hata kidogo. Baba akazidisha sabuni, na kesho yake akamkalisha tena. Mara hii alishuka mpaka kwenye sukuma wiki ya jirani. Tulicheka, naye akacheka hukohuko alikoanguka.

Siku ya kuishusha meli tulisimama nyuma ya kamba. Chupa ya mvinyo ikavunjwa ubavuni mwa meli kama ilivyo desturi, magogo ya kuzuia yakagongwa yakatoka, bendi ikapiga. Meli ikakaa palepale. Niliona midomo ya baba ikicheza. Baadaye aliniambia alivyoomba: "Bwana, meli ni ya Kaisari, lakini mafuta ni yangu."

Mbao zikalia. Meli ikasogea taratibu, ikashika kasi, ikaingia majini, na mawimbi yakawalowesha wakubwa viatu.

Bröker akaja akijifuta jasho. "Jumatatu uje mapema, Harbeck. Hapahapa tunaanza nyingine."

"Kubwa kuliko hii?"

"Kubwa zaidi."

Baba akavua kofia, akamshukuru Mungu kimyakimya. Kisha akamwomba Bröker mapipa mawili zaidi ya sabuni.